Vibao Viwili, Kikopo Kimoja

Jumatatu, 14 Julai

Injini ya pili ya ndege imefumuliwa leo hapa karakanani. Pacha kabisa na ile ya kwanza: aina moja, kiwanda kimoja. Zimelala mezani matumbo wazi. Nimeng'oa kibao cha utambulisho cha kila moja ili bodi, yale maganda ya chuma ya injini, ziende kuoshwa kwa dawa. Vilikuwa vimeganda oili. Nikavitia vyote kwenye kikopo kimoja cha petroli, nikavisugua kwa mswaki mpaka namba zikang'aa. Kazi safi. Mikono inanuka, Baba kanikataza kushika mkate.

Miaka minane nafunga nati, wenzangu wanasaini kuwa injini ni salama kuruka. Leseni yangu imetoka mwezi uliopita. Hizi nasaini mie.

Jumatano, 16 Julai

Bodi zimerudi. Nimefunga vibao, skrubu nne kila kimoja. Kuna taarifa ya kiwanda: injini za namba fulani hadi fulani zibadilishwe gia ya pampu ya oili, ile ya zamani huweza kuvunjika angani. Nimesoma vibao. Moja inahusika, nyingine haihusiki. Inayohusika nimeipa gia mpya. Zote mbili pistoni mpya, ringi mpya. Mgongo umekufa.

Jumanne, 22 Julai

Tumeiwasha ile isiyohusika na gia. Sauti yake jamani! Injinia Mushi, mkuu wa karakana, mtu asiyejua kusifu, kasema, "Siyo mbaya." Kwake hiyo ni sherehe. Keshokutwa nasaini, Ijumaa inafungwa kwenye ndege, Jumamosi inapeleka abiria Mafia. Nimevimba kichwa, nakiri.

Alhamisi, 24 Julai

Sijasaini.

Bodi ya injini ina namba yake pia, imegongwa kwenye chuma chenyewe, kwa chini. Huioni mpaka ulale sakafuni. Hatujazoea kuiangalia, tunaona kibao kinatosha. Leo nikalala. Namba ya kwenye chuma siyo iliyo kwenye kitabu cha injini hiyo. Nikakimbilia ya pili. Namba ya kitabu iko huko!

Kikopo. Nilivichanganya kwenye kikopo. Mpumbavu mie. Gia mpya imeenda kwa isiyoihitaji, na hii inayosubiri kuruka na watu ina ile ya kuvunjika.

Hakuna anayejua. Nikinyamaza, nani atalala sakafuni tena?

Baba alikuwa mkaguzi wa nyama machinjioni, hapa hapa Vingunguti. Kuna mwaka aligoma kugonga mhuri ng'ombe wa tajiri mmoja. Tukatukanwa mpaka mlangoni. Nilikuwa mdogo, nikamwonea aibu. Leo namwonea wivu.

Ijumaa, 25 Julai

Nimemwambia Mushi kabla ya chai. Kavua miwani. Kasema neno moja. "Fumua."

Mwenye ndege kafoka kwenye simu, nimemsikia nikiwa nje. Eti ndiyo shida ya kumpa mwanamke injini. Imeniuma. Sikulia. Uongo, nililia chooni, kidogo. Kisha nikachukua spana.

Jumatano, 30 Julai

Gia ya zamani imetoka. Nilitamani ikutwe na ufa, nionekane shujaa. Haina hata mkwaruzo. Pengine ingeruka miaka na miaka. Pengine siyo. Nimeweka mpya, na kila kibao kimerudi kwenye bodi yake. Mushi kalala sakafuni mwenyewe, na shati lake jeupe, kusoma namba.

Halafu kakitoboa kitako kile kikopo, kakitundika ukutani juu ya meza ya kuoshea. Kuanzia leo kibao hakisafiri peke yake, kinafungwa kwa waya kwenye stendi ya injini yake. Wenzangu wanakiita Kikopo cha Zuhura. Wacheke tu. Hakuna atakayerudia.

Ijumaa, 1 Agosti

Jana tumeiwasha tena, safi. Leo nimesaini. Jina lote, herufi zinazosomeka. Najivunia sahihi hii kuliko ile ya wiki iliyopita ambayo sikuiweka... hapana. Najivunia zote mbili.

Jumapili, 3 Agosti

Nimefua magwanda. Ndege zinapita juu ya bati letu kama kawaida, hatuzisikiagi tena. Jana nilimsimulia Baba yote, mpaka kile kilio cha chooni.

Saa nne, yuko uani anachambua mchicha, ikapita ndogo. Akanyanyua uso.

"Yako hiyo?"

Nikasikiliza. "Yangu."

Akasimama, akamgongea jirani ukuta. "Mama Rehema, toka uone! Hiyo kaigonga mhuri mwanangu."

Mama Rehema akatoka na mwiko mkononi. Tukaitazama wote watatu mpaka ikapotea. Kisha Baba akarudi kwenye mchicha wake.