Vidonge vya Sinia Moja

Jumapili, 2 Machi 2014
Nimemeza. Basi la kampuni linapiga honi, nami nimerudi chumbani mbio kukifuata kidonge. Nesi Saida alisema utafiti huu wa vitamini D ni wa watu kama sisi, tunaoshinda ndani, jua tunaliona dirishani. Mimi nyonga zinaniuma kila nikitandika vitanda vya hoteli. Nataka nimalize, nipimwe damu, nijue nina nini. Bure! Hapa Rayyan, ugenini, nani mwingine atanipima bure?

Jumatano, 5 Machi
Hasira! Achieng wa chumbani kwetu kasahau tena. Nakato, mwenzetu wa tatu, ndiyo kabisa, chupa yake iko mvunguni. Meseji za kutukumbusha zinaingia tukiwa kazini, simu zimefungiwa kabatini. Nesi kasema chumba kikizidi kusahau kinatolewa kwenye utafiti. Mimi sitoki. Ng'o!

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata! Sinia tunakula moja, vidonge vya nini kila mtu na chake? Nimemimina chupa zote tatu kwenye kopo la maziwa, nimeliweka katikati ya chakula. Anayepika ndiye anayegawa. Achieng katoka kanisani Mesaimeer, huku ibada ni Ijumaa, kakuta ugali na kidonge.
"Kumbe wewe ndiye daktari wetu sasa, dada?"
Kacheka, kameza.

Alhamisi, 20 Machi
Hakuna aliyekosa! Nakato anajidai, eti kidonge kwanza, mchuzi baadaye. Aliyechelewa kazini tunamngoja. Nina furaha sijui niiweke wapi. Kesho nesi anakuja. Nimedeki hadi mvunguni, utadhani tunapokea bibi harusi.

Ijumaa, 21 Machi
Nimemwonyesha kopo, meno yote nje. Nesi akakaa kitandani, akaeleza upya. Kumbe kuna chupa za dawa na chupa za unga mtupu, vidonge sura moja, makusudi, ili walinganishe, hata yeye hajui nani kapewa zipi. Alitueleza siku ya kwanza, tukaitikia tu. Nami nimevichanganya vyote. Aibu yangu!
Tumetolewa, wote watatu.
"Chumba kilichomeza vizuri kuliko vyote," akasema, "ndicho siwezi kukihesabu."
Nimelia. Damu katuchukua hivyo hivyo, kwa huruma zake.

Jumanne, 8 Aprili
Majibu yalitoka wiki iliyopita. Wenzangu hawajambo. Vitamini D yangu iko chini sana. Nimepewa vidonge vyangu peke yangu, vya kweli safari hii. Chupa iko kitandani, kando ya mto.
Jana nilisahau. Na juzi.