Sauti Niliyoifuta kwa Mkono Wangu

Gikondo, Kigali
11 Agosti 2024

Mpendwa wifi yangu Kabagwira,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote wa nyumbani kwako Kayanga. Goti lako linaendeleaje? Bertrand alipotoka huko alituambia kwamba siku hizi unafika kanisani bila fimbo, nikamshukuru Mungu. Na shemeji Audace, kile kifua kimemwachia? Natumaini kahawa mmeshaivuna na inakauka vizuri.

Sisi huku tunapumua. Kiangazi mwaka huu ni kikali, vumbi la magereji linaingia mpaka kwenye kabati la vyombo. Cyusa amerudi chuoni Huye. Hupiga simu kila Jumapili na tunazungumza habari za chakula tu, kwa sababu tukigusa habari za baba yake sote wawili tunanyamaza, na vocha inaisha tukiwa kimya. Mimi mwili ni mzima. Kula ndiko kunakonishinda.

Barua yako ninayo wiki ya tatu sasa. Uliuliza jambo moja tu: kama Eustache aliacha neno lolote kwa ajili yako kabla hajafa. Nimeshika simu mara nne ili nikujibu, na mara nne nimeiweka chini. Najua nikikueleza kwa simu utakata katikati, au mimi nitashindwa kuendelea, na jambo hili halifai kuachwa nusu. Kwa hiyo ninaliandika lote. Tafadhali lisome mpaka mwisho ndipo unihukumu.

Kwa kuwa mlikuwa hamzungumzi, labda hujui kazi aliyoifanya miaka yake ya mwisho. Alipostaafu ualimu alipewa chumba kidogo nyuma ya kanisa, akawa anasikiliza watu. Walimjia watu wenye mizigo mizito: mambo ya ndoa, mambo ya watoto, mambo waliyotendewa wakati wa vita ambayo hawakuwahi kumwambia mtu. Aliwarekodi sauti, kwa ruhusa yao, kisha akaandika maelezo kwenye ile kompyuta ya mezani. Yeye naye alimwahidi kila mmoja kwamba maneno yake hayatatoka ndani ya mashine ile. Alipozidiwa na ugonjwa tuliihamishia hapa nyumbani, kwenye chumba cha Cyusa.

Novemba mwaka jana, siku madaktari walipotuambia kuwa ini limeharibika, aliniita nikae karibu naye. Hakuzungumzia mazishi wala nyumba. Alisema, "Mukunde, nikiondoka, vyote vilivyomo kwenye kompyuta ile vife. Usifungue, usisikilize, usimpe mtu. Vife kabisa." Nikamshika mkono, nikakubali.

Alifariki tarehe tisa Mei, kama ujuavyo.

Matanga yalipoisha, Bertrand alikuja kunisaidia. Unamjua mdogo wenu, moyo wake ni mwepesi kwa kila mtu. Alisema kompyuta bado ni nzima na kuna shule jirani ambayo ingeifurahia. Akaketi mezani, akafuta mafaili yote, akamwaga na kile kikapu cha taka kilichomo ndani, akaniita nije kuona. Nikaona kioo kitupu. Nikamwambia asante, tutaipeleka wiki ijayo.

Kabla ya wiki hiyo kuisha akaja mama mmoja anayeitwa Connie. Anauza vitenge, tunaimba wote kwaya, nimemfahamu miaka kumi na miwili. Nilidhani amekuja kunipa pole. Alikaa muda mrefu akizungusha kikombe cha chai, kisha akauliza, "Mama Cyusa, ile mashine ya mwarimu iko wapi?"

Nikamwambia imeshafutwa. Akataka kujua imefutwa namna gani, nikamwambia Bertrand ndiye aliyeifuta. Hapo ndipo aliponitazama usoni akasema, "Mume wangu hajui. Watoto wangu hawajui. Tangu nizaliwe nimemwambia mtu mmoja tu, naye ni yeye." Sikumuuliza ni jambo gani. Aliondoka chai ikiwa bado nusu, na mimi nikabaki na lile swali lake.

Kesho yake nikaibeba kompyuta ile, nimeifunga kwa kanga, nikaipeleka kwa fundi. Kuna binti hapa Gikondo, Umutoni, ana karakana ya kompyuta katikati ya magereji mawili. Nilimwomba aniangalizie tu kama kweli haina kitu. Akaunganisha nyaya zake, akaanzisha programu, na haikupita saa moja majina yakaanza kurudi kwenye kioo, moja chini ya jingine, kama watu wanaoingia kanisani. La tatu lilikuwa la Connie. Niligeuza uso, nikamwomba afunge upesi.

Umutoni alinieleza taratibu. Alisema kufuta kwa kawaida ni kama kuchana ule ukurasa wa mwanzo wa kitabu unaotaja yaliyomo. Sura zote bado zimo, ila tu hakuna anayekuonyesha ziko ukurasa gani. Anayejua kutafuta atazipata. Ili vitu vife kweli, lazima diski yote iandikwe juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho, takataka zisizo na maana, kisha irudiwe tena kwa sifuri tupu, mpaka pasibaki hata alama ya kilichokuwapo. Alisema diski kubwa kama ile itachukua siku nzima.

Nilipomweleza Bertrand, aliinamisha kichwa. Sote tulikuwa tunaiwazia ile shule.

Basi Jumatatu ya tarehe ishirini na nne Juni nikarudi karakanani asubuhi. Umutoni alitayarisha kila kitu, kisha akasimamisha mkono. Akaniuliza, "Mama, iko kitu yako humu ndani? Picha? Sauti? Tukianza, hakuna mtu ataweza kuirudisha. Hata mimi."

Nikamwambia hakuna. Picha zetu Cyusa anazo kwenye simu, na Eustache alisema vyote. Akaniuliza mara ya pili, polepole, kama muuguzi anavyouliza jina la mgonjwa kabla ya kumwingiza kwenye upasuaji. Nikajibu vilevile. Akanisogezea kibodi, akasema ni vizuri mwenye mali abonyeze mwenyewe.

Wifi, nilibonyeza mimi. Si Bertrand, si fundi.

Nikakaa kwenye benchi mpaka jioni nikiutazama mstari wa kijani ukitambaa. Nilipotoka pale nilipitia kwa Connie moja kwa moja. Nikamwambia kwa maneno machache tu kwamba sasa imekwisha kweli, nimeona kwa macho yangu. Aliichukua mikono yangu yote miwili akaikandamiza kifuani mwake. Siku ile nilikula nikashiba, mara ya kwanza tangu Mei. Nakuambia hili kwa sababu sitaki kukuficha kwamba nilifurahi.

Ule mkoba aliokuwa nao hospitali nilikuwa sijaufungua. Ulikuwa umening'inia nyuma ya mlango, na kila nikipita nilikuwa nautazama pembeni. Tarehe tatu Julai nikasema nao uishe. Ndani mlikuwa na taulo, rozari, kikombe cha plastiki na daftari alilokuwa akiandikia saa za dawa. Nikawa nafungua kurasa ili tu niuone mwandiko wake. Katikati ya orodha ya vidonge alikuwa ameandika, tarehe ishirini Aprili: "Sauti kwa ajili ya Kabagwira. Dakika 41. Iko kwenye kompyuta, faili la DADA. Mukunde ampelekee nikishaondoka."

Nilisoma mara nyingi sana. Nilikuwa nimekaa sakafuni, sikumbuki nilikaa kwa muda gani.

Siku ile ya ishirini Aprili naikumbuka. Ilikuwa Jumamosi. Aliomba nimshike mkono mpaka kwenye meza ya Cyusa, akataka kuachwa peke yake, mlango ufungwe. Nikadhani anamalizia kazi za watu. Baada ya siku nne alilazwa, na dawa za maumivu zikamchukua akili. Huenda alifikiri ameniambia. Huenda aliniambia nikadhani anaweweseka. Kuna siku alisema "dada" mara kadhaa, nami nikaenda kumwita dada muuguzi wa wodini.

Nilikimbia kwa Umutoni na daftari mkononi, ndala mguuni. Aliusoma ule ukurasa. Aliirudisha mezani ile diski niliyokuwa nimemwachia, akajaribu tangu saa sita mchana hadi majirani wakaanza kufunga milango. Alitumia programu ile iliyorudisha majina, kisha nyingine, kisha akampigia simu mwalimu wake. Mwisho akanigeuzia kioo. Zilikuwa sifuri, wifi. Mstari baada ya mstari, sifuri tupu, hata uteremke kiasi gani.

Akasema, "Mama, tuliifanya vizuri kabisa." Kisha akaanza kulia, mtoto wa watu, akirudia kwamba aliniuliza mara mbili, aliniuliza mara mbili. Hakuwa ananilaumu mimi. Alikuwa anatafuta kama angeweza kuuliza namna nyingine.

Basi jibu la barua yako ndilo hilo. Ndiyo, alikuachia neno. Alikuachia dakika arobaini na moja, na mimi nimezifuta.

Bertrand alinishauri nikuandikie kwamba hakukuwa na kitu, eti itakuuma kidogo zaidi. Nilikataa. Miaka sita umekaa ukidhani kaka yako hana la kukwambia, sitakuongezea mingine. Kama ni kukasirika, ukasirikie jambo la kweli.

Najua kilichowatenganisha, maana nilikuwapo. Wewe ulikuwa umeshawatafutia watu wa kuchimba kaburi la mama kando ya mzee, naye Eustache akafika na gari na karatasi zilizosainiwa, akasema mama azikwe Rwanda alikozaliwa. Nilibaki ndani ya gari. Nilikuona umesimama mlangoni na lile beseni ulilokuwa ukimwoshea, na sikushuka kukushika hata bega. Hilo nalo nisamehe. Limenikaa muda mrefu kuliko unavyodhani.

Kuna kidogo nilichonacho, nacho ni chako. Siku ile nilikuwa kwenye korido nachambua maharage. Mlango wa chumba kile haufungiki sawasawa. Sikutega sikio, nilidhani ameiacha kazi, anaongea peke yake au kwa simu, sikuwaza kwamba anarekodi. Nilimsikia akicheka, akisimulia jinsi ulivyomtoa funza kidoleni kwa pini huku umemkalia miguu, naye akikung'ata bega. Akataja jina la mbwa wenu. Halafu akasema, na haya niliyasikia kwa masikio yangu, naweza kuyaapia: "Mama alikuwa wako, dada. Miaka kumi na moja ulimwosha wewe. Mimi nilikuja na gari tu."

Baada ya hapo akaendelea, sauti ikiwa chini, na maji jikoni yakawa yamechemka. Nikainuka nikaenda kutia maharage.

Nimeliwazia sufuria lile mpaka nimechoka. Ningekaa dakika tano zaidi ningekuwa na la kukupa zaidi. Sikukaa. Katika dakika arobaini na moja mimi ninazo labda mbili, na hizo nimekuandikia kama zilivyo, sijaongeza neno ili kukufariji.

Ule ukurasa wa daftari nimeukata, umo ndani ya bahasha hii. Mwandiko unayumba kwa sababu ya ugonjwa, lakini utaona jina lako ameliandika kwa herufi kubwa na kulipigia mstari. Usiutupe hata kama umekasirika. Uweke kwanza.

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu nimepanga kupanda basi la asubuhi pale Nyabugogo, nivuke Rusumo, nifike kwako kabla ya jioni kwa kupitia Benako. Sitakuja kuomba chochote. Nataka tu nikae mbele yako uyaseme usoni pangu yote uliyo nayo, kwa sababu Eustache hayupo wa kuyasikia na mimi ndiye niliyesababisha yeye asisikike. Kama hutaki kuniona, mwambie Bertrand, naye ataniambia, nami nitaelewa. Nikikuta mlango umefungwa nitalala kwa masista na kurudi kesho yake, bila kinyongo.

Nisalimie shemeji Audace, umwambie ile dawa ya kifua ya majani nitamletea. Nisalimie binti yako Kaliza na mumewe na mtoto wao ambaye bado sijambeba. Cyusa anamwamkia shangazi yake, shikamoo nyingi. Anajua ninachokuandikia, nilimsomea kwa simu Jumapili iliyopita, na kwa mara ya kwanza hatukunyamaza.

Mungu akutunze goti na moyo, aipe kahawa yako jua la kutosha, na akupe usiku wa kulala baada ya kusoma haya.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda nawe ukiwa na haki ya kutonijibu,

Mukunde