Sakafu ya Bahari Aliko Shemeji

Dada yangu,

Naomba barua hii ikukute umekaa na mtu, usiwe peke yako. Presha inaendeleaje? Watoto wanakula? Mimi ni mzima wa mwili tu, mengine tuyaache. Nimo bandarini, kwenye chumba cha mabaharia chenye vitanda viwili. Kimoja ni cha mumeo. Sijakitandua.

Uliniuliza swali linaloninyima usingizi: watu wanaoshusha mtarimbo wa chuma hadi sakafu ya bahari na kuupandisha, wanashindwaje kumpandisha mtu? Mtarimbo una waya, dada. Yeye hakuwa na waya.

Na kina chenyewe, jamani! Chini ya ukoko wa dunia mna mwamba wa moto unaojongea, polepole hata kuliko ukucha unavyoota. Uliopata joto hupanda, uliopoa hushuka, kama maharage kwenye sufuria inayochemka. Unakopanda, ukoko hupasuka, na sakafu mpya ya bahari huzaliwa pale penye ufa, ingali juu na ina joto. Kisha husogea kando, miaka nenda miaka rudi, ikipoa, ikizidi uzito, ikididimia. Ndivyo bonde la bahari linavyopatikana. Sisi tulikuwa mbali sana na ufa, juu ya sakafu kuukuu, iliyopoa na kuzama kilomita karibu sita.

Kazi yangu ni kupima joto la matope ya huko kwa mtarimbo ule, tujue mwamba wa chini unakwendaje. Unamjua shemeji, mdomo wake haukuwa na breki. Alinitangaza meli nzima kwamba msomi mzima kaacha kwao kuja kupima matope homa. Mpishi alicheka hadi akamwaga chai. Asubuhi ileile waya wa mtarimbo ukakwama kwenye winchi, ile mashine ya kuvutia waya aliyokuwa akiiendesha, akaenda nyuma ya meli kuukwamua, wimbi likamzoa. Nilimwona. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Sasa hili, kaa chini kwanza. Ofisi ya meli inakupigia simu kusema bado wanatafuta. Hawatafuti. Siku ya pili fulana yake ya kuokolea iliokotwa, tupu, na meli ikageuza. Mkubwa wa ofisi ameniomba ninyamaze mpaka wanasheria wao wamalize maneno yao. Wamalize wasimalize, shauri yao! Siwezi kukuacha ukimpashia chakula mtu asiyerudi.

Nimepekua elimu yangu yote nikitafuta neno la kukufariji, sikuliona. Hata sakafu ile siku moja itazama irudi kwenye moto, mimi na wewe na vitukuu vyetu tukiwa tumeshasahaulika. Hiyo nayo ni faraja? Hakuna kaburi, dada, wala halitakuwepo. Nimekata tamaa na sioni haya kusema.

Msalimie mama, umshike mkono unapomsomea. Watoto usiwaambie baba amesafiri. Waambie amekufa. Waambie leo, wakishashiba.

Ni mimi,
mdogo wako