Vidonge Tulivyoviacha Msimu wa Ntumba

Ndugu yangu Skola,

Leo nimesinzia tena shambani, jembe mkononi. Zamani wewe ndiye uliyenipigia mluzi nizinduke. Leo wenzetu wamenitazama tu, mmoja akasema, "Mwacheni, ni dawa yake hiyo." Ungesikia, Skola! Mwaka jana si walisema tumelewa?

Nakuandikia kwa sababu lile jambo nililomficha mama yako nimekwisha kumwambia.

Unakumbuka mwezi wa kwanza wa dawa? Dresa wa zahanati alitupatia vile vidonge vidogo vyeupe, akasema, "Kila siku, msiache." Hakutuambia kwamba ulimi utakuwa mzito, wala kwamba tutapepesuka njia nzima ya kurudi Malangali. Wewe ulitia chumvi mara tatu kwenye maharage yale yale, tukala hivyo hivyo. Lakini kifafa kilinyamaza. Mimi niliyekatazwa kusogelea moto tangu utoto, nikakaa jikoni na kusonga ugali wa ulezi kwa mkono wangu. Nililia, nikasingizia moshi.

Kisha ukaja msimu wa ntumba. Udongo ulikuwa bado laini, nyasi zimesimama zikingoja kufukiwa ndani ya ntumba, vile vilima vyetu vya kupandia, na pombe ya wakulima ilikuwa tayari. Wenzetu walimaliza sehemu zao, sisi tumeegemea mipini tunakoroma. Wifi zako wakauliza kama kaka yao ameoa mke au gogo. Niliona neno hilo lilivyokuuma. Tukiwa njiani kurudi nikakuambia, "Tuviache mpaka tumalize ntumba. Wiki mbili tu." Ni mimi niliyesema. Wewe ulinikumbusha maneno ya dresa, nami nikakucheka.

Siku nne tulilima kuwashinda wote. Wifi zako wakakusifu, nawe ukafurahi. Siku ya tano nilianguka mimi, nikazinduka na mdomo umechanika. Siku ya sita asubuhi ukaanguka wewe, na kabla hujazinduka ukashikwa tena, na tena. Watu walisimama mbali wakiogopa povu, kama zamani. Nami nilisimama nao, Skola. Mama yako peke yake ndiye aliyekushika, na jua halijazama ulikuwa umetuacha.

Dresa hakunigombeza. Alisema dawa hii haikatizwi ghafla, ukiikatiza ugonjwa hurudi na nguvu zaidi. Nilitamani anigombeze.

Tangu hapo nilikula peke yangu. Unajua bakuli letu lilivyokuwa, lile la udongo lenye ufa, tulilotengewa sisi wawili kwa kuwa hakuna aliyetaka kuchovya nasi. Nilidhani mama yako amelivunja tulipokuzika.

Jumapili nilikwenda kwake. Nilimwambia yote: ni nani aliyesema tuache, ni nani aliyecheka. Alikuwa anachambua dagaa wa Kirando. Hakuinua uso. Akawachambua mpaka wakaisha, akaingia ndani, akawapika, nami nimeketi uani sijui kama nimefukuzwa au nimekaribishwa. Alipotoka alikuwa na ugali, na dagaa wale wamo ndani ya bakuli letu, Skola. Akaninawisha. Akamega tonge, akachovya, akala, kisha akanisogezea.

"Kula," akasema. "Dawa ya leo umemeza?"

Nikamwambia nimemeza. Tukachovya pamoja mpaka bakuli likawa tupu. Sijui kama amenisamehe. Kila Jumapili ananingoja, na kila Jumapili ananiuliza hilo hilo.

Basi pumzika, ndugu yangu. Nakuahidi sitaacha tena, hata nikisinzia mbele ya wifi zako wote, na yeyote atakayepewa vile vidonge hapa kwetu nitamweleza yaliyotupata, na kosa langu sitalificha. Mama yako akiniuliza, nitamjibu kweli.

Mimi wako,
Melania