Fimbo ya Baba na Uzi wa Kusuka Nywele

Baraka

Kwako mudogo wangu Sifa, pale Kalemie,

Pokea salamu za ziwa toka huku Baraka. Mi niko muzima, nguvu iko, meno tu njo yananikimbia. Na wewe, goti lako linaendelea namna gani? Na batoto? Na shamba la mihogo? Usishangae kuona barua. Ku telefone unanikataka maneno, unasema "yaya, fupisha", kama vile mi si mukubwa wako. Karatasi haiwezi kunikata.

Nyumba ya baba nimeshaiezeka upande wa ziwa. Benye balisema muzee kama mi hatapanda paa, sasa banapita banaangalia chini. Lakini habari kubwa ni zile fimbo za kuloba samaki.

Unakumbuka zile tatu zenye Mugiriki wa boti aliachia baba? Ndefu, za kusimama nazo ku muchanga na kutupa ndoano mbali, nyuma ya mawimbi. Tulipokimbia vita tuliziacha. Niliporudi, bantu bote hapa baliniambia zilioza. Nikakatala. Nikazikuta kwa jirani yetu Muzee Ramazani. Mbili zilikuwa zinashika antene ya radio yake. Ya tatu, yenye kupita zote urefu, baliipaka rangi ya buluu ya mutumbwi, na bibi yake Mama Zaituni alikuwa anaanikia nguo. Macho yangu yalitoka maji kidogo. Ilikuwa moshi ya samaki.

Ramazani alisema nichukue zile mbili za antene, lakini ya buluu ni ya baba yake, juu ya vile baba yake na baba yetu baliloba pamoja. Nikamuambia mi najua mukono wa baba hata mu giza. Baba alikuwa wa mukono wa kushoto. Uzi wa kufunga pete ku fimbo, zile zenye kamba ya ndoano inapita ndani, aliuzungusha kwenda kushoto, na toka Nundu mpaka Kazimia hakuna muloba mwengine alifunga vile. Tukapatana mbele ya bantu: nitakwangua ile buluu. Uzi ukienda kushoto, ni yetu. Ukienda kuume, naiacha na nafunga kinywa.

Nilikwangua na kipande cha chupa, polepole, juu kisu kinakula fimbo. Pete ya kwanza ikatokea. Uzi ulikuwa mweusi, na ulienda kuume.

Ramazani alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema, "Asukulu, mukono wa baba yako ulihama?"

Nikamujibu pete moja si fimbo. Nikakwangua ya pili na ya tatu. Zote kuume. Tena kazi mubaya, nikasema kwa sauti hii ni kazi ya mulevi, vifundo kila pahali. Bantu balianza kuniambia niache, maneno yamekwisha. Nikaendelea tu kukwangua, unanijua.

Mama Zaituni alikuya kuondoa nguo zake. Akainama, akagusa ule uzi na kucha.

"Huu si uzi wa kuloba," akasema. "Ni wa kusuka nywele. Sifa alinisuka nao nilipokuwa naolewa, na alimaliza na kifundo hiki hiki." Halafu akageukia bwana yake. "Baba yako alikuwa anasukwa na nani?"

Ramazani akaokota kofia yake.

Mama Zaituni njo akatuelezea. Macho ya baba yalipoanza kufifia, we na yeye mulikaa nyuma ya nyumba, yeye anashika fimbo, we unafunga. Alikatala habari itoke, muloba kama yeye asisikiwe kwamba binti anamufungia pete. Miaka ile mi nilikuwa Bibokoboko, kule mu milima, ku mambo ya ngombe, na we hukuniambia hata neno. Nikasema mbele ya bote kwamba tangu mwanzo nilijua fimbo ni yetu. Na ni kweli, nilijua. Ni uzi tu njo sikuujua.

Basi nikatengeneza. Shaba ya pale fimbo inaungana niliisugua na majivu na ndimu mpaka ikawaka. Pa kushikia, wadudu balikula, nikavalisha mupira wa sandale. Zile mbili za antene nilizifunga na nailo mupya, kushoto kama baba, na mi ni wa kuume. Zilipendeza. Ya buluu pia nilitaka kukata uzi wote nifunge upya. Kisu kilikuwa mukononi. Nikakiweka chini, nikapaka verni ya kungarisha mbao juu ya vifundo vyako.

Asubuhi nikashuka ku muchanga, Ramazani nyuma yangu. Fimbo ya kwanza, nilipotupa, pete ya juu iliruka ikaingia mu maji. Ya pili, uzi wote wa pete ukateleza. Ni ile nailo ya siku hizi, si mukono wangu. Nikachukua ya buluu, nikaweka ndakala, samaki mudogo, ku ndoano, nikatupa. Ilienda mbali mpaka Ramazani akaita jina la baba. Halafu samaki akashika, kuhe mukubwa. Fimbo ikapinda, ikalia, na macho yangu yalikuwa ku uzi wako, si ku samaki. Hakuna kifundo hata kimoja kiliachia.

Sheria ya nyumba yetu unaijua. Samaki wa kwanza wa fimbo ya kurithi hakuliwi na mwenye alimutoa mu maji, anakuliwa na mwenye fimbo. Ramazani akauliza, akitaka kunichokoza, sasa nani atamukula.

Nikamuambia, "Mwenye fimbo yuko Kalemie."

Nilimupasua, nikamutia chumvi, nikamukausha na moshi. Ni huyu amefika na barua. Kichwa usimupe muntu.

Salimia bibi yangu mwenye alibaki kule Kalemie, umuambie paa haivuji. Salimia bwana yako mushona nguo, na shangazi mwenye sikio moja, umusomee karibu. Bajukuu, ubaambie babu yao alitoa kuhe murefu kama mukono.

Zile fimbo mbili ziko ku ukuta, pete zilizobaki nimezitoa. Ningezifunga mwenyewe, naweza. Lakini we kuya huku, mvua ikipungua. Na ulete uzi wa nywele, ule mweusi. Wa hapa Baraka si muzuri.

Yaya wako, muloba,
Asukulu