Ngamia za Mama Halake

Isiolo, Jumanne usiku, 1984

Sitaki tena kuongea na daktari kwa redio. Ukimaliza kusema lazima useme "ova" kama polisi, na kaskazini yote inakusikiliza.

Upasuaji ulienda vizuri, lakini Mama Halake hakuamka, na dawa ya usingizi nilimpa mimi. Tukavuta redio hadi dirisha la thieta. Daktari wa usingizi kule Nairobi akaniambia niinue kidevu chake, niangalie anavyopumua, ningoje. Nikangoja. Niliogopa sana.

Ndipo kaka yake mgonjwa, aliyekuwa ameketi kando ya redio ya zahanati ya Merti, akaingilia. "Sista, mwambie ngamia zake zimeuzwa. Ova."

Daktari akajibu, "Haitamdhuru. Jaribu. Ova."

Nikamwambia sikioni. Akafungua jicho moja. "Nani ameuza?"

Jioni nilienda kununua sukari kwa Mzee Yusuf, ambaye ana redio ya malori yake hapo dukani. Akaniuliza kama mgonjwa ameamka. Nikasema ameamka, na anamtafuta kaka yake.

"Alhamdulillahi. Na wewe, moyo umetulia? Mchana ulikuwa unasahau kusema ova."