Mama Ameirekebisha Sentensi Yako

Mchukwi, Kibiti
9 Februari, 2025

Mpendwa mdogo wangu Kheri,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Mwanza? Kifua kimepona, au bado unalala dirisha wazi kwa ubishi wako? Sisi hapa wazima, alhamdulillahi. Goti la mama linamsumbua asubuhi, ila likishapata joto anatembea kuwashinda wenye miguu mizima. Mihogo ipo, na maembe yalikuwa mengi mpaka tukayachoka.

Ningekupigia simu, lakini nyumba yetu unaijua, ukinong'ona chumbani wanakuitikia jikoni. Na haya sitaki unijibu harakaharaka. Ndiyo maana nimeandika.

Zile sentensi zako tatu za sinema za kutisha zilinifikia mwezi uliopita. Nimeelewa kwamba hao watayarishaji mtakaoonana nao wewe na wenzako baada ya Idi hawasikilizi hadithi nzima. Mnawapa sentensi moja kwa kila sinema, na isipowashika hapo, mmekwisha. Ukaniomba nizinoe, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nakusimulia mambo ya kutisha mpaka ukakojoa kitandani. Kazi hiyo nimeipokea. Ila ukaongeza kwamba ile ya tatu mama asiisikie. Hilo nimelikataa, Kheri, nakwambia mapema.

Unajua alasiri wanawake wanakutana barazani kwetu kusuka ukili wa mikeka. Midomo inasema na mikono haisimami. Wanaweza kumsengenya mtu kuanzia utosini hadi kisiginoni, na ukili ukazidi kurefuka. Nikaona hicho ndicho kipimo. Sentensi itakayosimamisha mikono ile, hiyo ndiyo ya kwenda nayo.

Nikaanza na ya yule kijana anayepatwa na mambo ya ajabu na maisha yake yakabadilika. Wallahi hakuna hata aliyeinua macho. Da Mashavu wa nyumba ya pili akauliza mambo gani hayo ya ajabu, nikamwambia hajaandika. Akasema basi hata yeye yamempata, juzi mbuzi kamlia khanga mpya. Hiyo itupe. Ukimficha mtu kinachotisha haogopi, anaona tu umekosa la kusema.

Ile ya majambazi kuteka basi juu ya daraja la Ndundu ina uhai kidogo, lakini waliona ni basi la watu wasiowajua. Da Mashavu huyo huyo akaitengeneza: dereva anatekwa, na sauti ya mmoja wa waliofunika nyuso anaitambua, ni ya mwanawe aliyeagana naye asubuhi ile. Hapo mikono ilipunguza mwendo. Iandike hivyo hivyo, na da Mashavu anataka jina lake litokee mwishoni mwa sinema. Hatanii.

Kisha nikasoma ya tatu. Mkata mikoko aliyepotea anarudi akiwa mzimu na kuiangamiza familia yake, mmoja baada ya mwingine. Nilijua unamsema nani, na barazani hapakuwa na asiyejua. Mtumbwi wa baba ulikutwa umefungwa vizuri, shoka ndani, chakula hakijaguswa, na mwenyewe hatujamwona mwaka wa sita huu. Nisingekubali baba yetu apelekwe mbele ya watu huko Mwanza na mama hana habari. Kumsomea kuliniuma, sikufichi.

Mikono yote ilisimama, na ya mama ilitangulia.

Hakulia wala hakukasirika. Alikaa na ukili wake magotini, akauliza kwa upole kabisa, "Kwani baba yao alitoka hapa na ugomvi na nani, hata arudi kuua?"

Nilitamani ardhi inimeze. Baadaye akasema kosa lako ni kwamba umeandika anachokitaka aliyepotea, na wewe hukijui. Anachokitaka mke unakijua, umekiona humu ndani kila siku, na hukukiandika.

Tukaifanya upya, yeye anasema, mimi naandika, wengine wanadakia. Imetoka hivi: "Siku mwanamke anapomaliza eda ya mume aliyepotea mikokoni, hodi inapigwa kwa sauti ya mumewe. Kijiji kizima kinamkataza asifungue, na yeye ameisubiri hodi hiyo miaka sita."

Nilipoisoma kwa sauti, Mwanawetu, yule mke wa Saadi, alihama mlangoni akaja kukaa katikati ya wenzake. Na ni mchana, jua linawaka. Mzimu wako haukumhamisha mtu.

Sasa nisikilize. Umeniandikia kwamba wenzako wanataka damu, na kwamba bila mzimu hamuuzi. Mimi sitaki. Utaisema hii kama ilivyo, au utasema ile ya basi peke yake. Baba yetu hatoki humu ndani kwa jina la muuaji. Wakiikataa mwaka huu, mtarudi nayo mwakani, na mimi nitakuwa hapa naendelea kuinoa. Nikishaamua jambo unanijua.

Watakuuliza kama huyo mke atafungua. Hata mimi nilimuuliza mama, wenzake walipokwisha kuondoka. Unajua kwamba yeye mwenyewe eda hajakaa, na kila anayemshauri akae anaondoka na jibu lile lile, kwamba hana maiti aliyoonyeshwa. Alikuwa anakusanya ukindu wake. Akasema, "Atafungua. Hilo Kheri asiulize."

Nisalimie wifi Hafsa, na Yasmin umbusu mashavu yote mawili. Mjomba Sadala anakusalimu kutoka Mkongo, anasema ukija umletee miwani. Mwenyezi Mungu akukinge na shari, na siku hiyo akufungue ulimi.

Barua hii nimeikunja ndani ya mkeka aliokutengenezea mama. Ukiutandika, karibu na pindo jekundu utaona mahali ukili umelegea. Nilimwambia afumue arudie, akakataa. Hapo ndipo alipokuwa amefika niliposoma sentensi yako, na amesema pabaki hivyo hivyo, upaone.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokugombeza,

Zuhra Bushiri